Bibi ana mawe kwenye nyongo: atobolewe au achanwe?

Mtu yeyote aliyekulia Dodoma huku kwa wafugaji anajua jambo moja kuhusu nyongo, kwamba ukichuna mbuzi kile kifuko cha kijani kilichojibana chini ya ini unakitoa kwa adabu, maana kikikupasukia tu nyama imekuwa chungu na wakubwa watakuangalia vibaya mpaka jioni. Sasa binadamu naye ana kifuko hichohicho, kimekaa palepale, na daktari anayekitoa kazi yake haijapishana sana na ya mzee anayechuna, isipokuwa mbuzi hategemewi kuamka kesho yake aulizie chai.

Nimeanza na mbuzi kwa sababu hata kwenye kikao chetu cha familia mambo yalianzia hapo. Tulikaa kwa mjomba, Chang'ombe, karibu masaa matatu, ajenda ni bibi. Bibi mzaa mama, mtu wa Kongwa, kazaliwa kipindi kile Waingereza wanahangaika na mashamba yao ya karanga kule, mwaka hasa haujui ila kitambulisho cha NIDA kinasema ana 77. Utrasaundi imeonyesha mawe kibao kwenye mfuko wa nyongo na daktari kasema utolewe. Mjomba mkubwa akasema matundu tu, yaani atobolewe vitundu vidogo wapitishe kamera, siku hizi hakuna mtu anachanwa. Mjomba mdogo akaja juu, eti kwenye yale matundu wanakujaza gesi tumboni kama mpira wa baiskeli, mzee mwenye presha umjaze gesi si unamzika, bora achanwe kizamani daktari aone kwa macho yake. Mama mdogo yeye hataki hiki wala kile, umri huo hapelekwi mtu kisuni, atafutiwe mizizi. Bibi yuko pembeni anabangua karanga, akatuacha tumalize, afu akauliza, "Nyie wanangu, hilo tumbo mnaloligombania ni la nani?"

Tukanyamaza. Mi baada ya pale nikaanza kuulizauliza na kusoma, na nilichokuja kugundua ni kwamba wote watatu kila mmoja ameshika kaukweli kidogo, ndo maana mada hii inachanganya.

Tuanze na hayo mawe. Ini linatengeneza nyongo muda wote, na kifuko ni kama kidumu cha kuhifadhia, ukila kitu cha mafuta kinajiminya nyongo inashuka utumbo mdogo kusaidia kusaga. Ikitokea nyongo imezidi lehemu, au kifuko kimekuwa kivivu hakijiminyi vizuri, vinaganda vipunje, na vipunje vinakua, mengine yanabaki kama uwele mengine yanafika ukubwa wa gololi. Wanawake wanapata zaidi ya wanaume, waliozaa mara nyingi zaidi, wanene, waliopungua mwili ghafla, wenye selimundu hata wakiwa bado watoto, na juu ya yote hayo umri, yaani kadiri miaka inavyosogea ndo na mawe yanavyoongezeka. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 kukutwa na mawe sio ajabu hata kidogo.

Na hapa watu wengi wanakimbilia kisu bila sababu: mawe yaliyotulia, yaliyoonekana kwa bahati tu wakati unapimwa kitu kingine, kwa kawaida yanaachwa. Katika watu 100 wenye mawe yasiyouma, kwa mwaka ni kama mmoja hadi wanne tu wataanza kusumbuka. Wengi wao watazeeka nayo watazikwa nayo. Kwa hiyo mama mdogo kusema "aachwe" angekuwa sahihi kabisa kama bibi angekuwa haumwi.

Ila bibi alikuwa anaumwa, na anaumwa miaka. Maumivu yanakuja usiku baada ya kula vizuri, juu ya tumbo upande wa kulia, yanapanda mpaka nyuma kwenye bega, yanakaa saa moja mpaka matatu yanaondoka, kesho mtu mzima kabisa. Tulichoambiwa kila tulipokwenda ni vidonda vya tumbo. Huku kwetu kila kinachouma juu ya kitovu ni vidonda vya tumbo, unapewa omeprazo, unaambiwa acha pilipili na maharage, basi. Miaka minne amekunywa vidonge vya vidonda ambavyo hajawahi kuonekana navyo kwenye kipimo chochote, na utrasaundi yenyewe ni kipimo cha dakika kumi, hakina sindano. Hilo linanikera mpaka leo.

Afu wazee wana tabia ya kuficha ugonjwa bila wao kujua. Kijana kifuko kikivimba atapata homa, atapiga kelele, ukimbonyeza chini ya mbavu za kulia akavuta pumzi anakatisha pumzi katikati. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa, tumbo lisiume sana, kinachoonekana ni kakataa ugali, kawa mnyonge, au kaanza kuongea vitu havieleweki, na nyumbani mnasema ni uzee. Ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au anatetemeka kwa baridi huku ana homa, hiyo sio ya kusubiri Jumatatu, maana yake jiwe limetoka kwenye kifuko limeziba mrija mkuu wa nyongo, na likikaa vibaya linawasha na kongosho.

Haya, turudi kwenye ugomvi wa wajomba.

Ya kuchana ndo ya kale. Mjerumani Carl Langenbuch aliifanya Berlin mwaka 1882, na zaidi ya miaka 100 dunia nzima ikafuata, unapasua chini ya mbavu za kulia sentimita 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi, unakata ngozi na misuli unaingia. Ya matundu nayo akaianzisha Mjerumani mwingine, Erich Mühe, mwaka 1985, na alipokwenda kuwaeleza wenzake kwenye chama cha madaktari wa upasuaji wa kwao 1986 walimbeza, kisha 1987 Mfaransa Philippe Mouret akafanya kule Lyon na hapo ndo ikasambaa kama moto wa nyika, ikafika 1992 chama kilekile kikampa Mühe tuzo. Kwa hiyo ukiona mjomba mdogo anabishia matundu usimshangae sana, maprofesa walianza hivyohivyo.

Inavyofanyika, unalazwa kwa nusu kaputi, unatobolewa kwa kawaida matundu manne, moja kitovuni la kama sentimita moja na mengine madogo zaidi chini ya mbavu. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wa tumbo unyanyuke kama hema, pawe na nafasi ya kufanyia kazi. Wanatumia hiyo kwa sababu haishiki moto wakati wanachoma mishipa kwa umeme, na mwili unaimeza na kuitoa kwa pumzi kama ile tunayoitoa kila siku. Kamera inaingia, daktari anaangalia kwenye skrini, anatafuta mshipa wa damu na kamrija kanakoingia kwenye kifuko, anabana kwa klipu, anakata, anabandua kifuko kutoka kwenye ini, anakivuta kupitia kitovuni.

Sasa kwa nini hii inafaa wazee kuliko hata vijana, maana hapa ndo kiini chenyewe? Watu wanafikiria ni urembo, kovu dogo. Bibi wa miaka 77 hana shida na kovu. Shida ni pumzi. Kidonda kikiwa chini ya mbavu, kila ukivuta hewa kinauma, kwa hiyo mtu anavuta hewa kidogokidogo, hakohoi kwa sababu kukohoa ni kama kupigwa shoka, makohozi yanakaa, siku ya tatu nimonia hiyo. Kijana anaweza akahimili, mzee ambaye amepikia kuni miaka 60 mapafu yake hayana akiba. Na maumivu makubwa yanataka dawa kali za maumivu, zile kali zinamlevya mzee, anachanganyikiwa, anataka kung'oa dripu usiku anasema anakwenda kufungulia ng'ombe. Na akilala kitandani wiki nzima misuli inayeyuka kwa kasi ambayo ukiambiwa huamini, damu inaganda miguuni, aliyeingia anatembea anatoka anashikiliwa. Ya matundu inakata mnyororo wote huo mwanzoni: kesho yake anakaa, anatembea mpaka chooni, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili yuko nyumbani. Ya kuchana ni siku nne, tano, hata wiki, na kurudi kwenye shughuli zake wiki nne hadi sita, wakati mwenzake wa matundu wiki moja au mbili anachambua mlenda.

Na gesi je? Mjomba mdogo hakukosea kwamba gesi ina mambo yake. Ikijaa inabana mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, inasukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mapafu yanapata nafasi ndogo, na sehemu yake inaingia kwenye damu, inabidi mapafu yafanye kazi ya ziada kuitoa. Mwenye moyo uliochoka au mapafu mabovu anaweza kusumbuka kweli. Ila mtu wa usingizi anayajua hayo, ndo maana kabla wanampima moyo, wanabandika zile waya kifuani, wakitilia shaka wanampeleka eko, yaani utrasaundi ya moyo, na ndani wanapandisha gesi polepole, badala ya presha ya kawaida ya milimita 12 hadi 15 za zebaki wanaweza kushuka mpaka 8 au 10, na mgonjwa akianza kuyumba wanafungua gesi inatoka, dakika moja tumbo limelala. Mi nilivyolielewa ni hivi: gesi ni taabu ya saa moja au moja na nusu mtaalamu amesimama hapo anaangalia mashine, kidonda cha mbavu ni taabu ya wiki kadhaa na usiku yuko peke yake. Kwa wazee wengi hesabu inaegemea matundu. Wenye moyo mbovu kabisa hiyo hesabu inafanywa upya, mgonjwa mmojammoja. (Bega likiuma siku mbili baada ya matundu msishtuke, ni masalia ya gesi yanachokoza kiwambo.)

Umri wenyewe, hiyo namba ya NIDA, sio kizuizi. Daktari aliyetuona alimuuliza bibi vitu ambavyo sisi tuliona kama soga tu, unachota maji mwenyewe? Kanisani unakwenda kwa mguu? Ngazi zile za mlangoni ulipumzika mara ngapi? Kumbe ndo alikuwa anampima. Mzee wa 80 anayelima bustani anaweza kuwa salama kuliko wa 65 ambaye figo, sukari na moyo vyote vinalia. Na akataka kila dawa anayokunywa, mpaka mizizi, kwa sababu kuna dawa za kulainisha damu na za sukari ambazo zinasimamishwa kwa mpango siku kadhaa kabla, sio mnajiamulia nyumbani. Mama mdogo ilibidi akiri kuna chupa ya kitu fulani chini ya kitanda.

Kwenye mizizi niseme tu kwa haraka, na ile ya kunywa mafuta ya zeituni na limao usiku halafu asubuhi unatoa "mawe" ya kijani chooni: yale ni mafuta yameganda kama sabuni tumboni humohumo. Ukipiga utrasaundi mawe utayakuta yamekaa kwao.

Kitu kingine ambacho mjomba mkubwa hakukijua ni kwamba matundu sio ahadi. Unaweza kuingia chumba cha upasuaji kwa matundu ukatoka umechanwa, na kwa wazee hilo linatokea zaidi, kwa sababu kifuko kimevimba na kupona, kimevimba na kupona miaka mingi, kimekuwa kigumu kama ngozi ya ngoma na kimegandana na utumbo na ini. Kwa aliyepangiwa tarehe kwa utulivu ni wachache tu katika 100, kwa aliyeletwa kifuko kimeshaiva wanaongezeka sana. Na ubaya ni kwamba jirani na kamrija ka kifuko unapita mrija mkuu wa nyongo, ule unaotoka kwenye ini, na kwenye uvimbe vinafanana. Ukikatwa ule kwa bahati mbaya hayo ni maafa, mambo yameingia nyongo kwelikweli, ni oparesheni nyingine kubwa na pengine ulemavu wa ini. Ajali hiyo inatajwa kama 3 hadi 5 katika kila 1,000 kwa matundu na 1 hadi 2 kwa kuchana, ni ndogo ila hapo ndipo mjomba mdogo na "aone kwa macho yake" anapata pointi. Ndo maana tangu miaka ya 90 kuna kanuni kwamba daktari hakati chochote mpaka asafishe pale na aone vitu viwili tu, mshipa na mrija mdogo, vinaingia kwenye kifuko. Asipoviona, aliyefundwa vizuri hang'ang'anii. Anachana, au anakata sehemu ya kifuko anaacha kipande kilichogandana. Karatasi ya ridhaa tuliyosainishwa iliandika yote mawili, na mjomba mkubwa alitaka kukataa, eti kwa nini waandike kuchana wakati tumekubaliana matundu.

Kwa hiyo swali la maana kuliko "matundu au kuchana" ni "lini". Wazee wanaosubirishwa mpaka kifuko kioze, waje usiku na gari la kuazima kutoka Mpwapwa au Bahi, ndo wanaokufa, hatari yao ni mara kadhaa ya yule aliyekuja mchana na miadi yake. Zamani kifuko kikivimba ulipewa antibayotiki ukaambiwa rudi baada ya wiki sita kipoe. Siku hizi mwelekeo ni kutoa mapema, ndani ya siku tatu ikiwezekana, au angalau ndani ya wiki, kwa sababu kwenye hizo wiki sita wengi wanarudi hali ikiwa mbaya zaidi. Hata wale ambao madaktari walizoea kusema huyu ni dhaifu mno tumwekee tu mpira wa kutoa usaha kupitia ubavuni, Waholanzi walilinganisha wagonjwa 142 wa namna hiyo, matokeo yakatoka 2018, waliowekewa mpira asilimia 65 walipata matatizo makubwa, waliofanyiwa ya matundu asilimia 12. Mpira bado una kazi, kwa yule ambaye kweli hata nusu kaputi haiwezekani, ila sio njia ya mkato ya kumwonea mzee huruma.

Jiwe likiwa kwenye mrija mkuu hiyo ni habari nyingine, linatolewa kwa kamera inayopitia mdomoni mpaka kwenye utumbo, na vifaa hivyo haviko kila hospitali, unaweza kupewa rufaa. Dodoma imebadilika lakini, Benjamin Mkapa pale jirani na UDOM wamepandikiza figo tangu 2018, sio ile ya kila kitu pandeni basi mwende Dar. Popote mtakapokwenda ulizeni bila aibu: hii ya matundu mnafanya mara ngapi kwa mwezi, ikishindikana anayechana ni nani, mtu wa usingizi atamwona bibi kabla ya siku yenyewe? Na bima inalipia ipi? Mi ningemchagua daktari anayechana vizuri kila wiki kuliko mwenye kamera mpya anayeigusa mara mbili kwa mwaka.

Bibi aliingia kwa matundu. Baada ya kama dakika 50 akatoka sista kutuambia wamebadilisha, wanachana, kifuko kimeshikana na utumbo. Mjomba mdogo akamwangalia kaka yake, hakusema kitu, ila aliangalia. Baadaye daktari akatuambia ingekuwa miaka mitatu nyuma pengine ingeisha kwa yale matundu manne. Mawe 23 kwenye kichupa.

Siku ya kwanza bibi alikalishwa kitandani akapewa glovu apulize kama puto, mara kumi kila saa, ndo mazoezi ya mapafu hayo, na mto wa kukumbatia tumboni wakati wa kukohoa. Aliona ni utoto ila alipuliza. Tukaruhusiwa siku ya sita. Bila kifuko mtu anaishi vizuri tu, ini linaendelea kutengeneza nyongo inashuka moja kwa moja, wachache wanaharisha kidogo wakila mafuta mengi mwanzoni, na hakuna haja ya kumfungia nyama maisha yake yote kama mama mdogo alivyotaka. Alichokatazwa ni kunyanyua kitu kizito wiki sita, kwa sababu kidonda cha kuchana kikivutwa mapema misuli inaachia inatoka ngiri, kwa wa matundu hilo linatokea mara chache.

Wiki ya tatu tulikwenda Kongwa bila kumwambia, tukamkuta anatoka kisimani na ndoo. Nusu ndoo, akasema.